Taa za muda unapovuta gari: kuchagua, kuunganisha na kuzifunga zisidondoke

Gari bovu likifungwa nyuma ya jingine, taa za nyuma za gari la mbele hupotea machoni pa anayefuata. Yeye anaona mgongo wa gari bovu tu, na gari bovu halijui dereva wa mbele amekanyaga breki saa ngapi au anakata kona wapi. Barabara ya Tabora kwenda Kigoma ina vipande virefu vya miombo kati ya Urambo, Kaliua na Uvinza ambako usiku mwanga pekee ni wa magari yenyewe. Anayekufuata huko anaweza kuwa basi lililochelewa au lori la mizigo, na anahitaji kuona breki zako akiwa bado mbali.

Kwa hiyo taa za muda zina kazi nne, na zote nne ni kurudia kinachofanyika kwenye gari la mbele: taa ndogo, breki, indiketa ya kushoto na indiketa ya kulia. Taa nyekundu inayowaka tu bila kufuata breki ni afadhali kuliko giza, lakini usiihesabu kama taa za kuvutia.

Wengi huwasha hazadi za gari bovu, yaani indiketa zote zipepese pamoja, na kuondoka. Mchana, kilomita 2 kutoka kituo cha mabasi mpaka kwa fundi, sawa. Kwa safari haifai. Hazadi haionyeshi breki wala kona, na inakula betri ambayo huenda ndiyo iliyokufa tangu mwanzo. Kuna tatizo jingine pia: kwenye magari mengi hazadi ikiwa inawaka, indiketa haisomeki tena.

Kwanza volti, kabla ya kutoa hela

Gari dogo ni volti 12. Fuso, Scania na malori mengi makubwa ni volti 24. Ubao wenye globu za volti 12 ukichomekwa kwenye lori la volti 24 utawaka mweupe kupita kiasi kwa muda mfupi sana, kisha globu zitakatika moja baada ya nyingine. Kosa hili ndilo linalotokea zaidi pale lori linapomwokoa mwenye gari dogo porini.

Usihesabu betri kwa macho. Kuna Land Cruiser zenye betri 2 ambazo bado ni volti 12, kwa sababu betri zimefungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Kuna Canter za volti 24 na nyingine za 12. Weka mita ya kupimia volti kwenye waya wa taa ndogo ya nyuma, injini ikiwa imezimwa na taa zimewashwa: ukipata karibu 12 ni gari la volti 12, ukipata karibu 24 ni la 24. Injini ikinguruma, namba hizo hupanda hadi karibu 14 na karibu 28.

Ukiwa na gari la mbele la volti 24, njia zako ni tatu. Ya kwanza ni kubadilisha globu uweke za volti 24: vikalio ni vilevile, wati 21 kwa indiketa na 21/5 kwa breki pamoja na taa ndogo. Ya pili ni kununua taa za LED zilizoandikwa volti 10–30, na kama unavuta magari mara kwa mara hii ndiyo njia ya kuchagua, maana haikuulizi tena swali la volti. Ya tatu ni kutumia relei 4 (swichi zinazowashwa kwa umeme) zenye koili za volti 24: lori linawasha relei, na relei zinachukua umeme wa volti 12 kutoka betri ya gari bovu. Inafanya kazi vizuri, ila inataka betri nzima na fundi aliyetulia. Ule ujanja wa kufunga globu 2 za volti 12 kwa mfululizo uache. Moja ikikatika, mwenzake naye anazima, na indiketa ya upande mmoja ina globu moja tu, haina mwenzake wa kugawana naye.

Aina za taa na tabia zake

*Ubao wa taa wa tayari.* Ni ubao wa plastiki au bati wenye urefu wa mita 1.2 hadi 1.5, taa za pande zote 2, waya na plagi ya pini 7. Hii ndiyo taa ya kuaminika kuliko zote. Angalia urefu wa waya kabla ya kulipa: nyingi zimetengenezwa kwa tela na zina mita 5 au 6, ambazo hazitoshi kuvuka gari zima.

*Taa za sumaku zenye waya.* Ni taa 2 zinazobandikwa kwenye bati la gari, kushoto na kulia. Ni nyepesi na haraka, lakini sumaku haishiki plastiki, na bampa za magari ya sasa karibu zote ni plastiki. Inabidi zikae kwenye mlango wa buti au kwenye bati la pembeni ya taa. Hapo jaribu kwa mkono. Gari lililowahi kugongwa na kupigwa pati, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati, lina sehemu ambazo sumaku inashika kidogo tu au haishiki kabisa, ingawa rangi inang'aa. Sogeza taa sentimita 10 kwa 10 mpaka uisikie ikidaka kwa nguvu. Ukiivuta ikatoka kwa vidole viwili, mahali hapo hapafai.

Futa vumbi kwanza, kwenye bati na kwenye sumaku. Vumbi jekundu la barabara zetu likibaki kati yake linafanya kazi ya msasa: taa inatetemeka, rangi inachunika, sumaku inateleza chini polepole. Kitambaa chembamba chini ya sumaku kinaokoa rangi lakini kinapunguza nguvu ya kushika, kwa hiyo kitambaa kiende pamoja na kamba ya akiba.

*Taa za sumaku zisizo na waya.* Kifaa kidogo kinachomekwa kwenye soketi ya gari la mbele, na taa zinapokea ishara kwa mawimbi ya redio. Zinapendeza kwa safari fupi za mjini. Kwa kutoka Tabora hadi Kigoma zina udhaifu mmoja: betri ya ndani inaishia njiani, na dereva wa mbele haoni ikiisha. Kifaa cha kutuma mara nyingi ni cha volti 12 tu, hivyo usikichomeke kwenye lori bila kusoma maandishi yake.

*Ubao wa kujitengenezea.* Hapa ndipo mtu wa Kaliua au Uvinza anaponea, kwa sababu spea za bodaboda ziko hata kwenye senta ndogo. Nunua taa 2 za nyuma za bodaboda (zina taa ndogo na breki pamoja), indiketa 4 za bodaboda za rangi ya chungwa, na reflekta nyekundu 2. Indiketa za bodaboda nyingi ni wati 10 badala ya 21, ndiyo maana unafunga 2 kila upande. Ukikuta duka lina taa za tela, chukua hizo. Ni kubwa zaidi na zinaonekana mchana.

Kutengeneza ubao

Mbao iwe na urefu wa sentimita 140, upana 12 na unene 2. Paina inatosha. Tabora ina mninga mzuri, lakini mninga ni mzito na ni hasara kuupeleka kwenye matope. Ubao usipite upana wa gari, na usiwe mfupi mno: kanuni za kimataifa za taa za magari zinataka taa za nyuma ziwe ndani ya sentimita 40 kutoka ukingo wa gari, na kwa urefu zikae kati ya sentimita 35 na 150 kutoka chini. Ndani ya vipimo hivyo, sisi tungechagua sentimita 70 hadi 100, usawa ambao dereva wa gari dogo na wa basi wote wanauona na tope haliurukii moja kwa moja.

1. Weka indiketa nje kabisa, sentimita 6 kutoka mwisho wa mbao, halafu taa nyekundu kwa ndani yake, halafu reflekta. Acha angalau sentimita 10 kati ya indiketa na taa nyekundu, la sivyo usiku mwanga mwekundu unaimeza ya chungwa.

2. Toboa matundu 4 ya milimita 10 kwa ajili ya kamba, mawili kila upande, sentimita 35 kutoka mwisho. Lainisha kingo za matundu kwa msasa ili zisikate kamba.

3. Peleka nyaya zote nyuma ya mbao mpaka katikati, kwenye konekta ya skrubu. Usisokote nyaya na kuzungushia tepu pekee, mtetemo unazifungua. Funika konekta kwa kipande cha dumu la plastiki kilichopigiliwa juu na pembeni, chini pawe wazi maji yatoke.

4. Kila taa iwe na waya wake wa erthi, yaani wa kurudisha umeme, unaorudi kwenye konekta. Taa ya bodaboda mara nyingi inapata erthi kupitia bolti yake kwenye chasisi ya chuma. Kwenye mbao hakuna chasisi. Ukiifunga kama ilivyo haitawaka, na utaanza kulaumu globu bure.

5. Upande unaogusa gari, gundisha vipande vya kandambili za zamani, vinne. Vinalinda rangi na vinauma bati ili ubao usiteleze.

6. Andika KUSHOTO na KULIA nyuma ya ubao kwa rangi, ukisoma kama mtu aliyesimama nyuma ya gari akitazama linakoelekea.

Nyaya: unene, urefu na plagi

Piga hesabu ya urefu hivi: nafasi kati ya magari, jumlisha urefu wa gari bovu, jumlisha mita 2. Noah ina karibu mita 4.6. Ukiivuta kwa bomba la chuma la mita 2 unahitaji mita 9. Kwa kamba ya mita 4 unahitaji 11.

Unahitaji njia 5: erthi, taa ndogo, breki, kushoto na kulia. Waya wa nyuzi 7 wa tela haupatikani kila mahali, lakini waya wa ekstensheni wenye nyuzi 3 za milimita za mraba 1.5 uko kila duka la umeme. Nunua vipande 2 vya urefu huo, vifunge pamoja kwa tepu kila sentimita 30, utapata nyuzi 6. Nne ni za taa, na mbili zilizobaki ziunganishe zote kuwa erthi.

Erthi inapata mbili kwa sababu umeme wa taa zote unarudi kupitia hapo. Taa ndogo 2 za wati 5, breki 2 za wati 21 na hazadi 2 za wati 21 ni jumla ya wati 94, karibu ampia 8 kwa volti 12. Ampia 8 zikipita mita 10 za waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 zinapoteza karibu volti 3 njiani, na globu inayopata volti 9 inatoa chini ya nusu ya mwanga wake. Kwa nyuzi 2 za milimita 1.5 hasara ni karibu nusu volti. Taa za LED hazina njaa hiyo, waya wa 0.75 unazitosha. Waya mgumu wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mnene wa shaba, usiutumie kwa hali yoyote. Unakatikia ndani ya ngozi yake na kwa nje unaonekana mzima.

Kama gari la mbele lina soketi ya pini 7 ya volti 12, mpangilio wa kawaida ni huu: pini 1 njano ni indiketa ya kushoto, 2 bluu ni taa ya ukungu (iache), 3 nyeupe ni erthi, 4 kijani ni indiketa ya kulia, 5 kahawia ni taa ndogo ya kulia, 6 nyekundu ni breki, 7 nyeusi ni taa ndogo ya kushoto. Soketi ya lori la volti 24 imepangwa tofauti, pini 1 ndiyo erthi, kwa hiyo usihamishe mpangilio mmoja kwenda mwingine kwa kukariri. Paka grisi kidogo kwenye pini kabla ya kuchomeka.

Magari madogo mengi hayana soketi. Fungua kifuniko cha ndani ya buti nyuma ya taa, tumia taa ya kupimia kutafuta nyaya huku mwenzako akikanyaga breki, akiwasha taa ndogo, kushoto, kisha kulia. Kwenye Toyota erthi mara nyingi ni nyeupe yenye mstari mweusi, lakini pima. Gari likishapita mikononi mwa mafundi watatu, rangi haisemi kitu. Menya ngozi sentimita 1 bila kukata waya, zungushia waya wako, funga tepu vizuri. Kila waya wenye umeme uwekee fyuzi ya ampia 5 karibu na hapo ulipounga. Bila fyuzi hiyo, waya wako ukichubuka na kugusa bati kwenye gari bovu, shoti inaenda kuunguza fyuzi ya gari la mbele. Kwenye magari mengi ya Kijapani fyuzi ya taa ndogo ndiyo hiyohiyo inayomulika dashibodi. Dereva wa mbele akiona dashibodi imezima ghafla usiku, asimame: taa zake za nyuma nazo zimezima.

Kufunga ubao kwenye gari bovu

Kinachodondosha taa njiani si upepo, ni mtetemo. Kamba inalegea milimita chache, ubao unaanza kucheza, na kucheza kunailegeza zaidi. Ndiyo maana mpira wa tyubu unashinda kamba hapa: unaendelea kuvuta hata mzigo ukijisogeza. Kata mikanda ya upana wa sentimita 3. Kamba za magome ya miombo zinafunga kuni na mizinga vizuri sana, ila zikikauka juani zinalegea, ziache kwenye kuni.

Fungua mlango wa buti. Pitisha mpira kwenye tundu la juu la ubao, uingize ndani ya buti, uufunge kwenye kitu cha chuma: ndoano ya kufungia mizigo au bawaba ya kiti cha nyuma. Fanya hivyo pande zote 2, kisha funga mlango juu ya mipira. Mpira wa mlango utaikumbatia. Mikanda ya chini iende kwenye pete ya kuvutia iliyoko chini ya bampa. Vuta kila mpira mpaka urefu wake uongezeke karibu nusu, ndipo ufunge fundo.

Usifunge kwenye waipa ya nyuma, kwenye mapambo ya plastiki juu ya buti, wala kwenye ekzosi. Ekzosi ni baridi injini ikizimwa, lakini kuna watu huwasha injini ya gari bovu ili breki ziwe laini, na hapo mpira unayeyuka.

Kisha kamba ya akiba: manila ya mita 1.5, isiyo na kazi yoyote ila kuukamata ubao mipira ikikatika. Iache na ulegevu wa sentimita 5. Bila hiyo ubao unaning'inia kwa waya wake, waya unachomoka, na msafara unabaki giza bila dereva kujua.

Tazama ubao kutoka pembeni. Unatakiwa kusimama wima. Bredauni ikiinua pua ya gari, mkia unainama na taa zinamulika lami badala ya macho ya anayekuja. Weka kipande cha mbao chini yake kuurudisha wima. Gari likivutwa kinyumenyume, ubao unafungwa mbele, kwenye grili. Hakikisha taa kubwa za gari hilo zimezimwa, kwa sababu sasa zinamtazama anayefuata. Na kushoto kwa gari hilo sasa ni kulia kwa barabara, hivyo fuata maandishi ya ubao.

Njia ya waya

Chini ya gari hapafai. Kwenye gari linalovutwa magurudumu yake ya nyuma yakiwa chini, kama injini inasukuma nyuma, propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) inazunguka hata injini imezimwa, na waya unaoning'inia utasokotwa wote.

Pitisha juu ya boneti, uingie dirisha la mbele la kushoto lililoachwa wazi sentimita 1, upite ndani juu ya viti, utoke dirisha la nyuma la kushoto mpaka kwenye ubao. Dereva wa gari bovu yuko kulia, waya hautamsumbua. Zungushia waya kitambaa pale kioo kinapoubana, na pandisha vioo vya umeme kabla hujachomoa betri. Kwenye boneti bandika tepu kila sentimita 40.

Kati ya magari ndipo penye kazi. Kwa bomba la chuma ni rahisi: fungia waya kwenye bomba kila sentimita 30, uache kitanzi cha sentimita 25 kila mwisho kwa ajili ya kona. Kwa kamba, umbali unabadilika. Kamba ikilegea waya unagusa chini, unakanyagwa. Ikikaza ghafla, waya mfupi unakatika. Uache uwe mrefu kuliko kamba kwa karibu moja ya tano, ufungie kwenye kamba kila nusu mita kwa vipande vya mpira, ili ujikunje pamoja nayo. Katikati ya kamba funga kitambaa chekundu. Na sentimita 20 kabla ya plagi, fungia waya kwenye bati au chasisi ya gari la mbele, ili mvuto wowote uishie hapo usifike kwenye plagi.

Kuvuta kwa kamba usiku tunakukataa hata taa zikiwa kamili. Lala Urambo, uendelee asubuhi.

Kujaribu, na kuisoma erthi mbovu

Washa taa ndogo kwanza, na zibaki zinawaka muda wote wa jaribio. Kisha breki. Kisha kushoto, peke yake na pamoja na breki. Kisha kulia hivyohivyo. Mwishowe shika waya na uutikise urefu wote huku mtu akitazama ubao.

Kwa nini taa ndogo zibaki? Kwa sababu erthi mbovu hujificha taa ikiwaka moja moja. Ukiunganisha mbili, inajitokeza: unawasha indiketa ya kushoto, taa ndogo zinafifia kila indiketa inapopiga, au unakanyaga breki na indiketa zinawaka hafifu ambazo hukuziwasha. Umeme umekosa njia ya kurudi, unatafuta nyingine kupitia globu za jirani. Usibadilishe globu hata moja. Chukua kipande cha waya, unganisha erthi ya ubao moja kwa moja na hasi ya betri ya gari la mbele. Taa zikitulia, tatizo ni erthi: kwangua kutu au rangi pale ilipofungwa mpaka uone chuma cheupe, na kaza upya.

Indiketa ikipiga haraka kuliko kawaida, kuna globu iliyokatika au umeweka LED kwenye fleksha (kifaa kinachopepesa indiketa) ya zamani isiyouona mzigo mdogo. Ikiwa LED zinapepesa zenyewe kwenye gari la kisasa, ni kompyuta ya gari inayopima globu. Globu ya wati 21 iliyounganishwa sambamba na LED humaliza jambo. Waya ukiwa wa moto mkononi baada ya dakika 5, ni mwembamba au muungano wake ni mbaya.

Kushoto na kulia kuthibitishwe na mtu aliyesimama nyuma, si kwa kusikiliza mlio wa fleksha. Madereva wa malori wana lugha yao: indiketa ya kushoto mara nyingi inamaanisha pita, ya kulia kaa hapohapo. Nyaya zikigeuzwa, unapotaka kukata kulia unamwambia dereva wa basi njia ni nyeupe. Hata nyaya zikiwa sahihi, usimpe mtu ishara ya kupita ukiwa unavuta. Magari yako mawili na kamba ni karibu mita 13, na yeye amepiga hesabu ya gari moja.

Barabarani

Mwendo wa kilomita 40 kwa saa unatosha. Simama baada ya kilomita 2, kaza mipira upya, kwa sababu mafundo yote hulegea mara ya kwanza. Baada ya hapo simama kila kilomita 30, na kila unapotoka kwenye kipande cha changarawe. Nyuma ya gari linalotembea hewa huvuta vumbi na kulibandika kwenye mgongo wake, kwa hiyo taa iliyokuwa nyekundu inageuka kahawia ndani ya nusu saa. Kitambaa chenye maji kikae mkononi mwa utingo. Mvua za Kigoma huanza karibu Oktoba, na wakati huo ni tope badala ya vumbi, fanya vilevile.

Ukitumia hazadi kwa sababu unatembea polepole, izime mita 100 kabla ya kona, toa indiketa, kata, ndipo uirudishe. Usifunge taa za bluu au za kupepesa nyekundu na bluu ili uonekane. Hizo ni za polisi na gari la wagonjwa. Taa nyeupe isiangalie nyuma, hata tochi.

Panga saa ya kuondoka kwa jua la huku. Kigoma jua huzama karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam, hivyo saa 12 na nusu jioni bado kuna mwanga, lakini deni hilo hulipwa alfajiri: saa 12 asubuhi bado ni giza, na kuanza kuvuta saa hiyo kunataka taa kamili kama za usiku.

Ukifika, zima taa kwanza ndipo uchomoe plagi, na funga tepu mpya pale ulipomenya nyaya za gari la mbele. Washa taa zake mwenyewe zote, breki na indiketa, kabla halijaondoka. Ubao ufute, ukauke, waya uuviringishe kwa duara kubwa usiukunje, na mipira yenye mpasuko uitupe hapohapo.